Kisa cha Tom Brady: Pete Saba na Mkataba Ulioitwa wa Bei Nafuu

Mwishoni mwa Februari 2013, klabu ya futiboli ya Kimarekani ya New England Patriots ilikubaliana na kwotabeki wake, yaani mrusha pasi wake mkuu, Tom Brady, kumwongezea mkataba wa miaka mitatu, hadi mwisho wa msimu wa 2017, kwa dola milioni 27. Ukigawanya kwa tatu unapata milioni 9 kwa mwaka. Siku chache baadaye, mwanzoni mwa Machi, kwotabeki mwenzake Joe Flacco wa Baltimore Ravens alisaini miaka sita kwa dola milioni 120.6. Kabla Machi haijaisha, Tony Romo wa Dallas Cowboys aliongezewa miaka sita kwa milioni 108, na mwezi wa Aprili Aaron Rodgers wa Green Bay Packers akaongezewa miaka mitano kwa milioni 110. Flacco alikuwa na ubingwa mmoja, alioutwaa mwezi mmoja tu kabla ya kusaini. Rodgers naye alikuwa na mmoja. Romo hakuwa amefika fainali hata mara moja. Brady alikwisha kucheza fainali tano na kushinda tatu, na bado bei iliyotangazwa ya miaka yake mipya ilikuwa chini ya nusu ya bei ya Rodgers.

Kisa hicho kimesimuliwa tangu wakati huo kwa namna mbili. Wengine humsifu Brady kama kiongozi aliyejinyima ili wenzake wapate, na wengine humlaumu kwamba aliwaharibia wachezaji wote soko, kwa sababu klabu yoyote ingeweza kumwambia mchezaji wake kwamba kama bora kuliko wote ameridhika na milioni 9, wewe ni nani udai 15. Kwa maoni yangu simulizi zote mbili zinakosea mahali pamoja, napo ni kwamba zinasoma jumla iliyotangazwa na kuacha kusoma mkataba. Punguzo lilikuwepo kweli. Lakini Brady hakulitoa bure. Aliuza kitu na akanunua kitu, na alichonunua hakionekani mpaka mtu aupitie mkataba mwaka kwa mwaka.

Kwanza, kanuni za mahali penyewe. Katika futiboli ya Kimarekani kwotabeki ndiye anayekabidhiwa mpira mwanzoni mwa karibu kila shambulizi. Ana sekunde mbili tatu za kuamua amrushie nani, huku watu wenye uzito wa zaidi ya kilo 120 wakimkimbilia kumwangusha. Hakuna nafasi nyingine uwanjani inayoamua matokeo kama hiyo, na ndiyo maana hakuna inayolipwa kama hiyo. Lakini tangu mwaka 1994, isipokuwa mwaka 2010, ligi ya NFL ina ukomo wa mishahara: kila klabu, awe mmiliki wake tajiri wa kutupwa au wa kawaida, inaruhusiwa kutumia kiasi kilekile kwa wachezaji wake. Mwaka wa kwanza kiasi hicho kilikuwa dola milioni 34.6, na kufikia 2013 kilikuwa milioni 123. Kwa hiyo kila dola anayoandikiwa kwotabeki ni dola ambayo haiwezi kuandikwa kwa mtu anayemlinda wala kwa mtu anayedaka pasi zake.

Nimesema kuandikwa, si kulipwa, kwa sababu klabu huendesha vitabu viwili. Kitabu cha kwanza ni cha fedha zinazoingia mfukoni mwa mchezaji. Cha pili ni cha ukomo, ambacho kina hesabu zake zenyewe. Mshahara wa msimu huandikwa wote katika mwaka wake, hulipwa kidogokidogo wiki kwa wiki wakati wa mechi, na kwa kawaida haujahakikishwa: klabu ikimwacha mchezaji kabla ya msimu kuanza, haimdai wala haimlipi. Hapa msomaji aliyezoea habari za usajili wa soka inabidi asimame kidogo, maana katika soka klabu inayomtoa mchezaji kabla ya mkataba kwisha hulazimika kumlipa au kuelewana naye, ilhali NFL mkataba wa miaka sita unaweza kuwa na miaka miwili tu ya kweli, na iliyobaki ikawa ahadi ambayo upande mmoja pekee una haki ya kuivunja. Kinachomlinda mchezaji ni fedha ya kusaini. Hiyo humfikia mapema, hainyang'anywi kwa kuachwa tu, na katika kitabu cha ukomo hugawanywa sawasawa kwa miaka ya mkataba, isiyozidi mitano.

Sasa turudi Februari 2013. Mkataba wa zamani wa Brady ulikuwa umebakiza misimu miwili, 2013 na 2014, ambayo kwa pamoja ingemlipa dola milioni 30. Klabu ilizifuta namba hizo na kuandika fedha ya kusaini ya milioni 30, mshahara wa milioni 1 kwa 2013 na milioni 2 kwa 2014, kisha milioni 7, milioni 8 na milioni 9 kwa miaka mitatu iliyoongezwa. Jumla yake ni milioni 57. Ondoa zile 30 alizokuwa akizidai tayari, utaipata milioni 27 iliyotangazwa magazetini.

Kwenye kitabu cha ukomo, milioni 30 ikigawanywa kwa miaka mitano ni milioni 6 kila mwaka. Ongeza mshahara wa milioni 1, ongeza na milioni 6.8 ambazo ni mabaki ya fedha za kusaini za mkataba uliotangulia, utapata milioni 13.8 kwa mwaka 2013. Kabla ya mkataba mpya, Brady alikuwa ameandikiwa milioni 21.8. Klabu ikaokoa nafasi ya milioni 8 mwaka huo na milioni 7 mwaka uliofuata. Kwa kipimo kingine, mtu mmoja aliyekuwa akichukua karibu asilimia 18 ya ukomo wa klabu nzima alishuka hadi asilimia 11.

Na mfukoni je? Mfukoni hakupoteza hata senti katika miaka hiyo miwili. Alipata milioni 33 badala ya 30, na milioni 30 kati ya hizo zikawa zimetoka katika hali ya mshahara unaoweza kufutwa na kuingia katika hali ya fedha ya kusaini. Alikuwa na umri wa miaka 35. Miaka iliyokuwa ya bei nafuu, 2015 hadi 2017, ilikuwa miaka ambayo angekuwa na umri wa 38 hadi 40, umri ambao karibu makwotabeki wote wa kabla yake walikuwa wameshastaafu au wamekaa benchi. Nayo iliwekewa dhamana: mradi awe bado kikosini mwishoni mwa msimu wa 2014, milioni 24 za miaka hiyo mitatu zingekuwa zake hata akiumia, hata kiwango kikishuka.

Thamani ya dhamana hiyo haieleweki vizuri bila kukumbuka alichokishuhudia klabuni hapohapo. Mwaka 2003 Lawyer Milloy, beki wa nyuma aliyekuwa mmoja wa viongozi wa timu iliyotwaa ubingwa wa kwanza, alikataa kupunguziwa mshahara, na kocha Bill Belichick akamwacha siku tano kabla ya mechi ya kwanza ya msimu. Milloy akajiunga na Buffalo Bills, ambao ndio waliokuwa wapinzani wa mechi hiyo ya kwanza, na Bills wakashinda 31 kwa 0. Patriots walimaliza msimu kwa kuwafunga Bills 31 kwa 0 na kutwaa ubingwa. Kila mtu aliyekuwa katika chumba kile cha kubadilishia nguo alijifunza kwamba klabu ingemwacha yeyote, ingeaibika kwa wiki moja, kisha ingeshinda bila yeye.

Brady mwenyewe alikuwa amejifunza somo hilo akiwa upande wa wanaonufaika. Katika uteuzi wa kila mwaka, ambapo klabu za ligi huchagua chipukizi kwa zamu raundi baada ya raundi, alichaguliwa mwaka 2000 katika raundi ya sita, namba 199, na mkataba wake wa kwanza wa miaka mitatu ulikuwa wa dola 866,500, ndani yake fedha ya kusaini ikiwa 38,500. Machi 2001 klabu ilimpa kwotabeki wake mkuu, Drew Bledsoe, mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya dola milioni 103. Septemba mwaka huohuo Bledsoe aligongwa vibaya pembezoni mwa uwanja na Mo Lewis wa New York Jets, akavuja damu kifuani, na kijana wa dola 866,500 akaingia. Februari 2002 kijana huyo alikuwa bingwa, na Aprili Bledsoe, pamoja na mkataba wake wa milioni 103, alikuwa ameshauzwa Buffalo.

Wanaosema Brady alipunguza bei maisha yake yote wanasahau mwaka 2010. Kweli, mwaka 2005, akiwa na ubingwa mara tatu, alisaini miaka sita kwa milioni 60, wakati Peyton Manning, asiye na ubingwa, alikuwa amesaini mwaka uliotangulia miaka saba kwa milioni 98, na Michael Vick miaka kumi kwa milioni 130. Lakini Septemba 2010 aliongezewa miaka minne kwa milioni 72, wastani wa milioni 18 kwa mwaka, na siku hiyo hapakuwa na mchezaji mwenye wastani mkubwa kuliko wake katika ligi nzima. Kwa hiyo mwaka 2013 Brady hakuwa mtu asiyejua bei yake. Alikuwa mtu aliyewahi kuidai yote na kulipwa, na sasa alikuwa akichagua namna nyingine.

Je, nafasi iliyookolewa ilitumikaje? Swali hili ndilo gumu kwa wale wanaoupenda mkataba huu kwa sababu ya ukarimu wake. Wiki mbili hivi baada ya Brady kukubali, Wes Welker, mdaka pasi aliyekuwa amepokea pasi 672 katika misimu sita ya Patriots, aliondoka kwenda Denver Broncos kwa mkataba wa miaka miwili wa milioni 12. Klabu ikamchukua Danny Amendola kwa mkataba wa miaka mitano. Kama Brady alipunguza bei ili abaki na watu wake, basi mtu wake wa kwanza aliondoka kabla wino haujakauka. Nafasi iliyopatikana ilikuwa ya Belichick kuitumia apendavyo, si ya Brady kuielekeza.

Mwaka uliofuata ilitumika vizuri zaidi. Machi 2014 walimsajili Darrelle Revis, beki aliyekuwa akizima wadaka pasi wa upande wa pili peke yake, kwa milioni 12 za msimu mmoja, na Februari 2015 Patriots wakawafunga Seattle Seahawks 28 kwa 24. Lakini tazama namna ushindi huo ulivyopatikana. Seattle walikuwa yadi moja kutoka mstari wa kufunga, zikiwa zimebaki chini ya sekunde 30, na kwotabeki wao akarusha pasi fupi ya mshazari. Aliyeiruka mbele ya mdaka pasi na kuinyakua hakuwa Revis wa milioni 12. Alikuwa Malcolm Butler, chipukizi ambaye hakuna klabu hata moja iliyomchagua katika raundi zote saba, na mshahara wa kima cha chini kwa wageni wa ligi kama yeye mwaka huo ulikuwa dola 420,000. Wanaopenda kueleza ubingwa kwa hesabu za ukomo wana kazi ya kumweka Butler katika hesabu hizo. Kinachoweza kusemwa ni kwamba klabu yenye nafasi inaweza kuajiri Revis na bado ikabaki na viti vya kujaribia akina Butler.

Mwezi mmoja hivi kabla ya fainali hiyo, Desemba 2014, kulifanyika badiliko dogo ambalo kwangu ndilo linaloonyesha vizuri kuliko lolote namna Brady alivyofanya biashara. Kanuni za ligi ziliitaka klabu iweke akiba fedha zilizohakikishwa za miaka ya mbele, yaani milioni 24 zingefungiwa mahali bila kufanya kazi yoyote. Brady akakubali kuilegeza dhamana yake: miaka ile mitatu ingebaki imehakikishwa kwa jeraha tu, si kwa kushuka kiwango. Kwa kulegeza huko alilipwa milioni 1 zaidi kila mwaka, jumla milioni 3. Mmiliki Robert Kraft alibaki na fedha zake mkononi, Brady akaongezewa mshahara. Alikuwa ameishika dhamana kwa miezi 22, kipindi ambacho kilikuwa cha hatari zaidi, kisha akaiuza ilipokuwa imepungua umuhimu. Kumbuka kwamba mwaka huohuo klabu ilikuwa imemchagua kwotabeki kijana, Jimmy Garoppolo, katika raundi ya pili, kwa hiyo hatari haikuwa imekwisha. Brady aliamini tu kwamba haitamfikia.

Na haikumfikia. Machi 2016 mkataba ulifunguliwa tena: miaka miwili ikaongezwa, 2018 na 2019, kwa milioni 41, fedha ya kusaini ikawa milioni 28, na mshahara wa msimu wa 2016 ukashushwa kutoka milioni 9 hadi milioni 1. Maana yake ni kwamba ile miaka mitatu ya bei nafuu iliyopigiwa kelele mwaka 2013, ni mmoja tu, 2015, uliochezwa jinsi ulivyoandikwa, ukiacha ile milioni 1 ya nyongeza. Punguzo halikufutika kabisa, kwa sababu ukijumlisha miaka minne kuanzia 2016 unapata karibu milioni 60, wastani wa milioni 15, wakati bei ya soko ilikuwa imeshapita 20. Lakini fedha zilikuwa zimevutwa mbele tena, na dhamana ikanunuliwa upya.

Mkataba huo wa 2016 una jambo moja la pembeni ambalo siwezi kuliacha. Brady alikuwa katika mgogoro na ligi juu ya mipira iliyodaiwa kupunguzwa upepo katika mechi ya Januari 2015 dhidi ya Indianapolis Colts. Alifungiwa mechi nne bila mshahara, jaji wa New York akaifuta adhabu hiyo Septemba 2015, na ligi ikakata rufaa. Wakati huo mchezaji aliyefungiwa alipoteza sehemu moja ya kumi na saba ya mshahara wa msimu kwa kila mechi. Kwa mshahara wa milioni 9, mechi nne zingemgharimu zaidi ya dola milioni 2.1. Kwa mshahara wa milioni 1 zilimgharimu dola 235,294. Mkataba ulisainiwa Machi. Mahakama ya rufaa iliirudisha adhabu Aprili. Alizitumikia mechi nne, akarudi Oktoba, na Februari 2017 akawapindua Atlanta Falcons waliokuwa wakiongoza 28 kwa 3, na kushinda 34 kwa 28 katika muda wa nyongeza.

Hata hivyo, si kila hesabu ilimwendea vizuri. Oktoba 2017 Garoppolo aliuzwa kwa San Francisco 49ers, na Februari 2018, akiwa ameanza mechi saba tu katika maisha yake yote ya ligi, alipewa miaka mitano kwa milioni 137.5. Msaidizi akawa na wastani wa milioni 27.5. Brady mwaka huo alikuwa na milioni 15, na klabu ilipotaka kumwongezea kitu ilimpa bonasi za masharti: milioni 1 kwa kila kipengele kati ya vitano vya takwimu ambacho angemaliza katika watano bora wa ligi. Hakupata hata kimoja. Alipata ubingwa wa sita, lakini ubingwa haukuwa bei ya bonasi zile. Kama kuna mahali ambapo Brady alifanyiwa biashara badala ya kufanya biashara, ni hapo, na sishangai kwamba Agosti 2019 alipokubali milioni 23 kwa msimu mmoja, alihakikisha pia kuwa mkataba unamalizika Machi 2020 na kwamba klabu haiwezi kumzuia kwa kumwekea alama ya mchezaji asiyeruhusiwa kuondoka.

Wakati huohuo kulikuwa na Kirk Cousins, ambaye napenda kumweka kando ya Brady kila mjadala huu unapozuka. Klabu yake ya Washington haikumpa mkataba mrefu. Ilimwekea alama hiyohiyo miaka miwili mfululizo, na kila mwaka alilipwa kwa bei ya soko, karibu milioni 20 mwaka 2016 na karibu 24 mwaka 2017. Kisha Minnesota Vikings wakampa miaka mitatu kwa milioni 84, zote zimehakikishwa, jambo lisilokuwa la kawaida kabisa. Cousins hakupunguza bei kwa ajili ya mtu yeyote, na hajawahi kucheza fainali. Anayetaka kusema kwamba kulipwa bei kamili ndiko kulikomnyima fainali ana haki ya kujaribu, ingawa sidhani kwamba Cousins angekuwa Brady kwa kukatwa milioni 8.

Kulikuwa pia na nyumba. Brady alifunga ndoa na mwanamitindo Gisele Bündchen mwaka 2009, na jarida la Forbes lilimweka mwanamama huyo kileleni mwa orodha ya wanamitindo wenye kipato kikubwa kwa miaka mingi mfululizo hadi 2016. Brady alipoulizwa katika kipindi cha televisheni kuhusu kujipunguzia mshahara, alijibu kwamba kushinda ndiko alikotanguliza, kisha akaongeza kwa utani kuwa mkewe ana pesa nyingi. Utani huo una ukweli ndani yake. Mtu ambaye nyumba yake haitegemei mshahara wake pekee anaweza kuuza milioni chache ili apate nafasi ya ubingwa, na mlinzi wa mstari wa mbele mwenye umri wa miaka 29 na magoti mabovu hawezi. Ndiyo maana sikubaliani na wanaomtolea Brady kama mfano kwa wachezaji wengine.

Machi 2020 alikwenda Tampa Bay Buccaneers kwa milioni 50 za miaka miwili, zote zimehakikishwa. Alikuwa na umri wa miaka 42. Julai mwaka huo Patrick Mahomes wa Kansas City Chiefs alisaini mkataba wa miaka kumi wenye thamani ya dola milioni 450, na Februari 2021 wawili hao wakakutana fainali, Tampa ikashinda 31 kwa 9, na Brady akapata ubingwa wa saba, yaani pete ya saba. Baada ya hapo Brady alifanya Tampa kilekile alichokifanya Patriots mwaka 2013, ila kwa njia ambayo wahasibu wa klabu walikuwa wameinoa zaidi. Mkataba uliongezwa mwaka mmoja wa kweli, kisha ukabandikwa miaka hewa, yaani miaka iliyoandikwa ili fedha ya kusaini igawanywe humo, lakini ambayo pande zote mbili zinajua haitachezwa kamwe. Nafasi ya karibu milioni 19 ikapatikana katika mwaka ambao ukomo wenyewe ulikuwa umeshuka hadi milioni 182.5 kwa sababu ya korona, na klabu ikaweza kuwarudisha wachezaji wote 22 waliokuwa wakianza mechi.

Jumla ya kazi yake ya uwanjani, misimu 23, ni takriban dola milioni 333. Alipostaafu kabisa Februari 2023 hapakuwa na mchezaji aliyepata zaidi katika historia ya ligi. Baadaye Aaron Rodgers alimpita, na Matthew Stafford pia, kila mmoja akiwa na ubingwa mmoja. Orodha za namna hii huvutia macho, lakini kipimo chake ni mwaka wa kuzaliwa kuliko kipaji. Johnny Unitas alijiunga na Baltimore Colts mwaka 1956 kwa dola 7,000. Joe Namath aliposaini na New York Jets mwaka 1965 kwa dola 427,000, watu walidhani dunia imepinduka. Uhuru wa mchezaji kuhama baada ya mkataba kwisha, ambao ndio uliopandisha bei zote, ulikuja mwaka 1993 tu, na Reggie White akawa wa kwanza kuonyesha maana yake kwa kwenda Green Bay kwa milioni 17 za miaka minne. Hata ndani ya nyumba moja kipimo hicho huyumba: Peyton Manning, mwenye tuzo tano za mchezaji bora wa ligi, alipata takriban milioni 249 uwanjani, na mdogo wake Eli, ambaye hakupata tuzo hiyo hata mara moja, alipata takriban 252.

Nje ya uwanja hesabu ina sura nyingine kabisa. Mwaka 2022 iliripotiwa kwamba kituo cha Fox kitamlipa Brady dola milioni 375 kwa miaka kumi ya utangazaji, yaani zaidi ya misimu 23 ya kugongwa. Na mwaka huohuo wa 2022 kampuni ya sarafu za kidijitali ya FTX, ambayo alikuwa ameitangaza na kulipwa hisa zaidi ya milioni 1.1, ilianguka, na hisa zikawa karatasi. Mtu aliyejua mwaka 2013 kwamba fedha taslimu iliyo mkononi ni bora kuliko jumla kubwa iliyoandikwa alikubali, miaka minane baadaye, kulipwa kwa kitu kilichoandikwa tu.

Miaka hewa ya Tampa nayo haikukaa hewani milele. Mchezaji akistaafu, mgao wote uliokuwa umesambazwa hurudi kwa pamoja, na mwaka 2023 Buccaneers walimwandikia Tom Brady dola milioni 35.1 katika ukomo wa milioni 224.8, ilhali yeye alikuwa nyumbani. Klabu yenye deni la namna hiyo haina uwezo wa kununua kwotabeki wa bei ya juu. Ikamwajiri Baker Mayfield, ambaye timu mbili zilikuwa zimemwacha ndani ya mwaka mmoja, kwa milioni 4 za msimu mmoja. Mayfield alishinda kundi lao, akawatoa Philadelphia Eagles kwa 32 kwa 9 katika mechi ya mtoano, na Machi 2024, jina la Brady likiwa limeshatoka kwenye vitabu, akapewa miaka mitatu kwa dola milioni 100.